Barua Mbili za Shangazi

Barua ya kwanza ilikuwa na kurasa tano. Niliiandika usiku mmoja nyumbani kwetu Igoma, umeme umekatika, shangazi yuko upande wa pili wa meza ananisimulia huku akijifuta macho kwa pindo la kanga, nami naandika kwa mwanga wa tochi ya simu. Kurasa zote tano zilisema jambo moja: hakimu amekosea. Amekosea kumteua shemeji wa shangazi kuwa msimamizi wa mirathi ya marehemu mumewe. Amekosea kuuita mtumbwi mali ya ukoo wakati mashine yake ilinunuliwa kwa fedha za kikoba cha shangazi. Amewaamini mashahidi wa upande ule, wa kwetu amewapuuza. Nilipomaliza nilimsomea kwa sauti. Akasema, "Umeandika kama vile ulikuwepo, mwanangu." Asubuhi tukaipeleka kwenye dirisha la kupokelea malalamiko.

Barua ya pili ilikuwa ukurasa mmoja na robo, na ilituchukua wiki mbili kuiandika. Hiyo ndiyo iliyofanya watu waitwe, waulizwe, wajibu.

Tofauti ya barua hizo mbili, moja ya kupinga hukumu na nyingine ya kulalamikia mwenendo wa hakimu, ndiyo ninayotaka kuieleza leo, na nitaieleza kwa urefu. Kila Wiki ya Sheria inapofika, mwishoni mwa Januari, nikipita kwenye mabanda ya Mahakama hapa Mwanza humkuta mama au mzee amekumbatia bahasha anasubiri zamu yake. Nikisogea kusikiliza anachomweleza ofisa, naisikia barua yetu ya kwanza, karibu neno kwa neno. Mahakama iliyomhusu shangazi sitaitaja, wala hakimu. Ni mahakama ya mwanzo, kando ya ziwa. Inatosha.

Mume wa shangazi alikuwa mvuvi wa dagaa. Aliacha nyumba ya vyumba vitatu, mtumbwi mmoja wenye mashine, nyavu, taa za sola na vichanja vya kuanikia. Baada ya matanga ukoo ulikaa kikao, shangazi akaambiwa asubiri jikoni na wanawake wenzake. Muhtasari wa kikao hicho ndio shemeji yake aliopeleka mahakamani, jina lililopendekezwa likiwa lake. Shangazi akapinga. Kesi ikaanza.

Anayeijua kazi ya dagaa anajua kwamba kalenda yake iko angani. Usiku wa giza watu wanaingia majini. Mbalamwezi ikipanda wanapumzika, wanashona nyavu, wanadaiana madeni. Kesi ya shangazi tuliihesabu kwa magiza. Hakimu hayupo, giza moja limekwenda. Jalada halionekani, giza la pili. Mzee mmoja wa baraza, wa wale wanaokaa na hakimu, ana msiba, la tatu. Muda wote huo mtumbwi umepandishwa mchangani, hakuna ruhusa ya kuugusa, jua linazipasua mbao na pamba iliyozibia nyufa inachomoka. Mtumbwi uliokaa nchi kavu namna hiyo, siku ukirudishwa majini unakunywa maji pande zote.

Kati ya tarehe mbili za kesi, mchana mmoja, shangazi alikuwa anatoka mwaloni, pale mitumbwi inapoegeshwa, beseni kichwani. Akamwona hakimu kwenye mgahawa wa samaki, meza moja na shemeji yake. Sato wawili kwenye sinia. Shemeji alipomwona alicheka, hakimu akageuza uso upande wa ziwa. Shangazi hakusema neno, akapita. Lakini kesi ilipoitwa tena, aliposimama kueleza habari za mashine, hakimu alimkatisha: "Wewe ni mwanamke wa kuja, mali za ukoo huu unazijulia wapi?" Karani alisikia. Wazee wa baraza walisikia. Waliojaa kwenye mabenchi walisikia.

Sasa tazama nilichofanya mimi niliyesomeshwa ili nije kuwasaidia wa nyumbani. Katika zile kurasa tano, habari ya sato niliiweka ukurasa wa nne, mstari mmoja, bila tarehe. Maneno "mwanamke wa kuja" hayakuwemo kabisa. Shangazi aliona aibu kuyarudia, nami niliyaona madogo mbele ya mashine ya mtumbwi.

Majibu yalikuja baada ya wiki sita, aya moja, lugha ya adabu. Kwamba yaliyoelezwa yanahusu uamuzi wa mahakama, na asiyeridhika na uamuzi anayo haki ya kukata rufaa ndani ya muda uliowekwa na sheria. Muda huo, kutoka mahakama ya mwanzo kwenda mahakama ya wilaya, ni siku 30 tangu hukumu. Sisi siku hiyo tulikuwa katika siku ya 51.

Aliyetujibu hakutuonea, alichoandika kilikuwa sahihi. Linaloniuma hadi leo ni la dirishani. Barua tuliikabidhi siku ya tisa baada ya hukumu, na aliyeipokea aliisoma aya ya kwanza mbele yetu kabla ya kuitia kwenye faili. Angesema tu, "Mama, hii ni rufaa, umebakiwa na siku 21," tungetoka pale mbio. Hakusema. Labda hakuona kuwa ni kazi yake. Mimi naona kwamba kama kuna kazi moja ya mtu anayekaa dirishani pa kupokelea malalamiko, ni hiyo.

Tulikuwa na kosa la pili pia. Tulisubiri nakala ya hukumu, tukiamini kwamba rufaa haipokelewi bila nakala. Kumbe kwa rufaa inayotoka mahakama ya mwanzo hakuna sharti la kuambatanisha nakala ya hukumu. Jalada lenyewe huitwa. Siku zetu zikayeyuka tukisubiri karatasi ambayo haikuhitajika, na jibu la barua ambayo haikuwa mahali pake.

Aliyechelewa anaomba kuongezewa muda, na hapo mahakama zetu zina msimamo uliorudiwa katika maamuzi mengi: ieleze kila siku uliyochelewa, hata kama ni moja. Kusema "nilikuwa nasubiri majibu ya malalamiko" hakukubebi mbali. Sisi tuliokolewa na karatasi za hospitali. Shangazi alilazwa kwa presha wiki ile ile ambayo siku 30 zilikuwa zinaisha, kisha akawa mtu wa kurudi kliniki, na hakimu wa wilaya akaona sababu inatosha. Huwa nafikiri juu ya mtu ambaye hakuugua.

Baba yangu, kaka yake shangazi, alikuwa mzee wa baraza kwa miaka mingi. Sheria inawaita washauri wa mahakama, lakini huku kwetu ni wazee wa baraza. Enzi zake hakimu wa mahakama ya mwanzo alikaa na wazee wasiopungua wawili, na hawakuwa pambo: walipiga kura pamoja naye na hukumu ilibeba saini zao. Tulipoandika barua ya kwanza alikuwa Sengerema kwa mdogo wake. Aliporudi nikamwonyesha nakala. Alisoma kurasa zote tano, akavua miwani.

"Hapa umemshitaki hakimu kwa kutokubaliana na ninyi."

Nikasema lakini amekosea.

"Hakimu ana haki ya kukosea." Shangazi alishtuka, nikaona mkono wake umesimama juu ya kikombe. "Ndiyo, dada. Akikosea yupo wa juu yake wa kumsahihisha, na wa juu yake naye yupo wa kumsahihisha. Lakini hana haki ya kula samaki na mmoja wenu kesi ikiwa mezani kwake. Hilo hakuna rufaa inayolisahihisha."

Nimesoma mengi baadaye, na sijakuta mahali palipoelezwa vizuri kuliko pale. Rufaa inaitazama karatasi: ushahidi, sheria, hukumu. Malalamiko ya maadili yanamtazama mtu: alivyokaa, aliyekutana naye, alichotamka, alichokichelewesha bila sababu, alichokipokea. Unaweza kuwa na hukumu sahihi kabisa iliyotolewa na hakimu aliyefanya vibaya, na hukumu mbovu iliyotolewa na hakimu mwadilifu. Ukizichanganya hizo mbili, wanaopokea malalamiko wataishia kwenye karatasi, watasema "kata rufaa", na mtu aliyefanya vibaya atakuwa amejificha nyuma ya hukumu yake.

Na ipo sababu nzito ya kuzitenganisha. Ibara ya 107B ya Katiba inasema mahakama zitakuwa huru katika kutoa haki na zitalazimika kuzingatia tu Katiba na sheria za nchi. Kama hakimu angeitwa kujieleza kila anapotoa hukumu ambayo mtu hakuipenda, wa kwanza kumwita angekuwa mwenye fedha, mwenye cheo, mwenye mdomo. Shangazi asingekuwa wa kwanza. Asingekuwa hata wa kumi. Ule uhuru unaonekana kama ngao ya hakimu, lakini siku mjane anapokuwa na haki na mwenye boti kumi hana, ni ngao ya mjane.

Tukaanza upya. Baba alisema barua iwe na siku, saa, mahali, waliokuwepo, kilichosemwa, kisha ikome. Nikadhani itachukua jioni moja. Ikachukua wiki mbili, maana shangazi hakukumbuka tarehe ya sato. Alikumbuka kwamba ilikuwa siku ya tatu tangu kambi ilipoacha kuingia majini kwa sababu ya mbalamwezi, na kwamba alikuwa anatoka kudai deni la ndoo sita za dagaa. Tulimtafuta mwenye deni, akafungua daftari lake, tarehe ikapatikana: siku nne kabla ya kesi kuitwa. Mama wa mgahawa aliwakumbuka vizuri, hata meza waliyokaa, lakini akaomba jina lake lisiandikwe. Nilitaka kumsihi. Baba akakataa. "Ana watoto, na hakimu bado yuko. Andika alichokiona shangazi yako, basi." Wazee wa baraza waliosikia yale maneno mengine hatukuwafuata, tukaandika kwamba walikuwepo na wanaweza kuulizwa.

Kwenye rasimu ya kwanza niliweka neno rushwa. Baba aliliona kabla hajavaa miwani vizuri. "Uliiona?" Hapana. "Shangazi yako aliiona?" Hapana. "Basi lifute." Akanieleza kwamba rushwa ina sheria yake, ya mwaka 2007, ina chombo chake, TAKUKURU, na ina namba yake ya bure, 113, na kwamba ni jambo la kutoa taarifa mapema, kabla fedha haijabadilisha mikono, ili waweze kuweka mtego. Ukilirusha neno hilo kwenye barua ya maadili bila kitu mkononi, barua nzima inageuka kuwa kuhusu usichoweza kukithibitisha, na ulichokiona kwa macho yako kinasahaulika. Sato wawili kwenye sinia walitosha. Hakimu hatakiwi kukaa faragha na mdaawa mmoja, yaani mtu wa upande mmoja wa kesi, wakati mwenzake hayupo, hata kama kila mtu alilipia samaki wake.

Hilo si jambo la kubuni la baba. Maafisa wa mahakama wa Tanzania wamekuwa na kanuni zao za maadili tangu mwaka 1984, na baadaye nchi nyingi zikaungana kwenye misingi iliyopewa jina la mji wa Bangalore, India, iliyokamilishwa mwaka 2002. Misingi hiyo ni sita: uhuru, kutopendelea, uadilifu, mwenendo unaofaa, usawa, umahiri na bidii. Nilipoisoma nilitafuta yalipo mambo ya shangazi. Sato yuko kwenye kutopendelea. "Mwanamke wa kuja" iko kwenye usawa. Magiza matatu yaliyopotea yako kwenye bidii. Mashine ya mtumbwi haiko popote, kwa sababu mashine ni ya rufaa.

Tulipopeleka barua tulichukua nakala, ikagongwa muhuri wa IMEPOKELEWA na tarehe. Baba alisimamia hilo kwa macho.

Ilipelekwa wapi? Sheria ya Usimamizi wa Mahakama, namba 4 ya mwaka 2011, iliunda kamati za maadili za maafisa wa mahakama. Ya wilaya inaongozwa na Mkuu wa Wilaya, na ndiyo inayopokea malalamiko dhidi ya mahakimu wa mahakama za mwanzo. Ya mkoa inaongozwa na Mkuu wa Mkoa. Kamati inapokea, inachunguza, inamsikiliza mlalamikaji na inamsikiliza hakimu. Haimfukuzi kazi. Inapeleka ilichokiona juu, na mwenye kauli ya nidhamu ni Tume ya Utumishi wa Mahakama, ambayo mwenyekiti wake ni Jaji Mkuu.

Shangazi aliitwa. Alivaa kitenge chake cha kanisani. Sikuruhusiwa kuingia naye, nikakaa nje chini ya mwembe karibu saa mbili. Alipotoka alisema aliulizwa kwa heshima, kwamba hakimu alikuwepo na alipewa nafasi ya kujibu, na kwamba alipofika kwenye yale maneno alishindwa kuyatamka, akaomba ayaandike kwenye karatasi. Wakamruhusu. Ninamshukuru aliyemruhusu, yeyote yule.

Hata hivyo kuna jambo linanisumbua katika mpangilio huu na nitalisema. Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 inampa Mkuu wa Mkoa na Mkuu wa Wilaya mamlaka ya kuamuru mtu akamatwe na kuwekwa ndani hadi saa 48. Mamlaka hayo yamelalamikiwa mara nyingi kwa kutumiwa vibaya, na mahali pa kuyapima ni mahakamani. Sasa hakimu anayetakiwa kumwambia Mkuu wa Wilaya kwamba hapa umevuka mpaka, ndiye ambaye malalamiko dhidi yake yanasikilizwa na kamati inayoongozwa na Mkuu wa Wilaya huyo huyo. Sisemi kamati iliyomsikiliza shangazi ilifanya ubaya. Ilifanya kazi yake. Nasema kwamba hakimu kijana aliyetoka majuzi Lushoto, kwenye chuo cha mahakama, akiwa peke yake katika kituo cha mbali ziwani, anajua nani anaongoza kamati hiyo, na kujua huko kunaweza kukaa naye kitini siku anapotakiwa kumwachia mtu huru. Ningependa kiti hicho akikalie mtu mwingine. Mwanakamati kutoka serikalini anaweza kubaki, wananchi wa kawaida wakaongezwa, lakini mwenyekiti asiwe yeye.

Siku tulipotoka kwenye kamati, binamu yangu mmoja aliposikia kwamba barua imesikilizwa, alinipigia simu niandike na ya kwake. Yeye kesi yake ni ya ardhi na imefika kwa jaji; sitasema kanda gani. Hukumu imepangwa, imeahirishwa, imepangwa, imeahirishwa. Alitaka twende naye kwa Mkuu wa Wilaya kesho yake. Nilimwambia njia yake si hiyo.

Kwa jaji njia ni nyingine kabisa, na ni ndefu kwa makusudi. Malalamiko dhidi ya majaji yana Kamati ya Maadili ya Majaji, iliyoundwa na sheria ile ile ya 2011, na hakuna Mkuu wa Wilaya wala wa Mkoa ndani ya mlango huo. Likifika suala la kumwondoa jaji kazini, tunaingia kwenye Ibara ya 110A ya Katiba. Sababu ni mbili tu: kushindwa kazi, kwa maradhi au sababu nyingine, au tabia mbaya inayoharibu maadili ya kazi yake. Rais hamwondoi kwa kuamka asubuhi. Anateua tume yenye mwenyekiti na wajumbe wengine wasiopungua wawili, na mwenyekiti pamoja na angalau nusu ya wajumbe lazima wawe ni majaji katika nchi za Jumuiya ya Madola. Jaji anaweza kusimamishwa wakati uchunguzi unaendelea. Tume ikishauri aondolewe, anaondolewa. Ikishauri vinginevyo, anarudi kwenye kiti chake.

Binamu aliona ni ulinzi kupita kiasi. Nikamkumbusha ya ng'ambo ya ziwa. Oktoba 2003, baada ya ripoti ya kamati ya Jaji Aaron Ringera, Kenya iliwaweka kando majaji 23 na mahakimu 82 kwa wakati mmoja. Watu walishangilia, na palikuwa na uozo wa kweli wa kusafishwa. Lakini majina yalitoka magazetini kabla wenyewe hawajasikilizwa. Mmoja wao, Jaji Philip Waki, alikwenda mbele ya tume ya uchunguzi, akasafishwa, akarudi kazini. Mwaka 2008 ndiye aliyepewa kuongoza tume ya kuchunguza vurugu za baada ya uchaguzi. Ungekuwa jirani yake mwaka 2003, ungemsalimiaje?

Na nchi hiyo hiyo ilionyesha njia ndefu inavyoweza kumfikia hata mkubwa kabisa. Desemba 31, 2011, Naibu Jaji Mkuu Nancy Baraza alikorofishana na mlinzi mwanamke kwenye ukaguzi wa kawaida wa kuingia kwenye jengo la maduka Nairobi. Mlinzi alilalamika. Mtu wa mshahara wa mlinzi, dhidi ya mtu wa pili katika Mahakama ya nchi. Tume ikaundwa, ikasikiliza, ikapendekeza aondolewe, na mwaka 2012 Baraza akajiuzulu. Lile lilikuwa ni malalamiko ya mwenendo mtupu; hapakuwa na hukumu yoyote ndani yake. Nilipomsimulia shangazi, alinyamaza kidogo kisha akauliza yule mlinzi alirudi kazini au la. Sikuwa na jibu.

Tatizo la binamu halikuhitaji tume wala Rais. Alihitaji tarehe ya hukumu. Nilimwandikia barua fupi kwa Jaji Mfawidhi, ambaye ndiye msimamizi wa kanda: namba ya shauri, tarehe tano ambazo hukumu ilipangwa ikaahirishwa, ombi la kupangiwa tarehe. Haikuwa na neno moja la kulaumu. Tarehe ilipatikana, hukumu ikasomwa. Alishindwa kesi, na sasa anajiandaa na rufaa, siku zake anazihesabu kwa vidole mbele yangu.

Kabla sijasahau, kuna kizingiti kimoja ambacho kimepungua na kinastahili kutajwa. Mahakama ya mwanzo imekuwa ikiongea Kiswahili siku zote, ndiyo maana shangazi aliyasikia yale maneno na akajua yameumiza wapi. Lakini kule juu, kwa miaka mingi, mtu alikaa kwenye benchi kesi yake ikizungumzwa kwa Kiingereza juu ya kichwa chake. Utalalamikaje kwamba jaji amekutukana au amekudharau kama hukujua alichosema? Februari 2021, Rais Magufuli alimpongeza hadharani Jaji Zephrine Galeba wa Mahakama Kuu Musoma, hapa hapa ziwani, kwa kuandika hukumu kwa Kiswahili, akamteua kuwa Jaji wa Rufani. Mwaka huo huo sheria ikabadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama. Mengi bado yanaandikwa kwa Kiingereza, lakini mlango umefunguka.

Sasa ya shangazi yaliishaje. Rufaa ilisikilizwa, na mahakama ya wilaya ikaamuru suala la msimamizi lisikilizwe upya mbele ya hakimu mwingine. Safari hii shangazi na shemeji yake waliteuliwa pamoja. Hawapendani, lakini saini zinahitajika mbili, na mtumbwi umerudi majini baada ya fundi kubadilisha mbao nne.

Hakimu yule alihamishwa miezi kadhaa baada ya kamati kukaa. Hapo ndipo ninaposhindwa kulala vizuri. Alihamishwa kwa sababu ya barua yetu? Au ni uhamisho wa kawaida, maana mahakimu huhamishwa kila mwaka? Alionywa? Alionekana hana kosa, na sisi tulimchafua mtu bure? Hakuna aliyetuambia. Shangazi aliacha kazi zake, akavaa kitenge cha kanisani, akaandika kwenye karatasi maneno aliyoshindwa kuyatamka, na baada ya hapo hakuambiwa hata kwamba jalada limefungwa.

Naelewa kwamba mambo ya nidhamu ya mtumishi yana siri zake. Sihitaji kusoma utetezi wake wala kujua mshahara wake umekatwa kiasi gani. Lakini kuna majibu ya sentensi moja yasiyovunja siri ya mtu: malalamiko yako yamethibitika, au hayakuthibitika, au yamepelekwa ngazi ya juu na bado yanashughulikiwa. Bila sentensi hiyo kijiji kimejijazia chenyewe. Mwaloni wanasema hakimu alifukuzwa na mjane. Upande wa shemeji wanasema alipandishwa cheo. Huko alikohamia wameletewa mtu bila kujua lipi ni la kweli, na yeye mwenyewe, kama hakuwa na kosa, amesafiri na doa ambalo hakuna aliyelifuta.

Ijumaa iliyopita tuliandika barua ya tatu. Ina mistari sita. Inataja tarehe ya malalamiko, tarehe aliyoitwa, na inaomba kufahamishwa matokeo. Baba aliisoma mara moja, akabadilisha neno moja: nilikuwa nimeandika "tunadai", akaweka "ninaomba", akasema barua ni ya dada yake, iwe kwa nafsi yake. Shangazi alitia saini. Jumatatu tuliipeleka, tukasubiri muhuri, na nakala iko kwenye mfuko wa nailoni pamoja na zile mbili, juu ya kabati, mahali panya hawafiki.